Gari ya kilomita laki mbili na nusu kisiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kama utingo wa gari ya shamba, nikaja kuwa dereva, na sasa niko chini ya magari zaidi kuliko ndani yake. Haya ni maswali ninayoulizwa kila wiki, mengine uani kwangu na mengine kwa simu saa nne za usiku. Mwenye gari mpya hayatamhusu sana. Mwenye Noah iliyokwisha kusomesha watoto watatu, karibu.

Gari yangu imesoma kilomita 250,000. Ndiyo imekwisha?

Namba hiyo peke yake hainiambii kitu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akaipitisha maili milioni 3, karibu kilomita milioni 5. Watu humsimulia kama muujiza. Mimi naangalia safari zake: kwenda na kurudi kazini tu alikuwa akikata kama kilomita 200 kwa siku. Injini inawaka, inapata moto, inakaa na moto wake.

Kisiwa chetu cha Unguja chote, kaskazini hadi kusini, ni kama kilomita 85. Gari nyingi zinaamka Fuoni, zinashusha watoto skuli, zinafika Darajani, zinazimwa. Injini haijakaa na moto wa kutosha kukausha mvuke wa maji na petroli iliyoshukia kwenye oili. Kwa hiyo gari ya kilomita 90,000 za mjini inaweza kuwa na oili mbovu kuliko ya kilomita 250,000 inayokwenda Nungwi na kurudi kila siku.

Na hata hivyo, si injini inayozika gari hapa. Nina injini mbili uani, zote zinawaka kwa starti moja, zimetolewa kwenye gari ambazo sakafu ilikuwa imebaki zulia. Kisiwani gari inafia chini. Ukilishika hilo, majibu mengi ya hapa utayakisia mwenyewe.

Nitajuaje kama kilomita za kwenye dashibodi ni za kweli?

Gari inayotoka Japani huja na cheti cha kufutiwa usajili ili isafirishwe, na kilomita huandikwa humo. Dai karatasi yenyewe, usikubali picha iliyokatwa nusu. Halafu angalia mpira wa pedali ya breki, usukani, na ukingo wa kiti upande anaoingilia dereva. Gari ya kilomita 60,000 haiwi na pedali iliyolika hadi chuma.

Lakini kama una dakika tano tu, usizimalize kwenye kilomita. Lala chini uangalie. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na majirani zake, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari ya huko inaweza kushuka bandarini inang'aa kama birika la arusi, na chini ina kutu iliyofunikwa rangi nyeusi ya juzi. Rangi nyeusi mpya chini ya gari ya miaka 15 ni ya kuulizwa maswali.

Nimeambiwa gari ya kilomita nyingi iwekwe oili nzito. Ni sahihi, fundi?

Mara nyingine. HiAce ya dizeli ya zamani haitakusumbua ukiipa oili nzito. Lakini Vitz, IST, Raum na Probox nyingi hapa zina injini ya 1NZ-FE yenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, na mfumo huo unasukumwa na oili yenyewe kupitia vinjia vyembamba. Ukiipa oili nzito ya 20W-50, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na ule mlio wa chakachaka wa sekunde mbili tatu ukiwasha ndio injini inajisaga. Mimi huanza na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu kinasema 5W-30 na injini imeanza kupunguza oili, napanda hadi 10W-40. Hapo naishia.

Oili zinazouzwa mahsusi kwa gari zilizopita kilomita 120,000 hivi zina dawa ya kulainisha sili zilizokauka na sabuni nyingi zaidi ya kusafisha. Si hadithi tu. Sili inayotoa jasho inaweza kupona. Inayochuruzika, badilisha sili.

Muda wa kubadilisha oili ni kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Kwa gari ya skuli na sokoni, miezi ndiyo itakayotangulia, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya: "Haijafika kilomita." Oili haihesabu kilomita peke yake. Na filta ibadilishwe kila mara, usimwage oili mpya kwenye filta ya zamani kama mtu anayeoga akavaa nguo ile ile.

Inakula oili. Nifungue injini?

Kwanza pima. Simamisha gari pahala sawa, jaza hadi alama ya juu ya kijiti, nenda kilomita 1,000, pima tena. Nusu lita kwa kilomita 1,000 mimi naishi nayo, nabeba chupa nyuma. Lita nzima ni ugonjwa.

Halafu tazama moshi. Moshi wa buluu unapowasha asubuhi, kisha ukapotea, ni sili za valvu. Moshi wa buluu unaotoka kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa hili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba, ringi zinaganda. Hizo hazihitaji ulaumiwe wewe.

Kabla ya yote hayo, badilisha valvu ya PCV. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachopumua hewa ya ndani ya injini. Kikiziba, injini inajaa upepo, oili inatafuta pa kutokea, na fundi anakuuzia gasketi tatu. Nimeshaona injini ikipangiwa kuovaholiwa ambayo tatizo lake lilikuwa hicho tu.

Hizi dawa za chupa zinazojaa madukani, ipi inafanya kazi?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi barazani, kwa hiyo nitalijibu moja moja.

Ile nzito kama asali inayomwagwa kwenye oili: inafanya oili iwe nzito, basi. Makelele yanapungua, moshi unapungua, na ndiyo maana wauzaji wa gari huipenda wiki ya kuuza. Ukienda kununua gari, chomoa kijiti cha oili. Oili ikivutika kama uji wa muhogo, rudisha kijiti na uage kwa heshima.

Zile zinazodai kupaka vyuma vya ndani utelezi wa kudumu: mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani iliwashitaki wauzaji wa dawa moja maarufu ya aina hiyo kwa madai wasiyoweza kuyathibitisha, na mwaka uliofuata wakakubali kuyaacha. Oili nzuri tayari imechanganywa na dawa zake kiwandani, kwa kipimo. Ukiongeza zinki na fosforasi juu ya ile iliyomo, unaweza hata kulitia sumu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye egzosti.

Ya kusafisha injini kwa dakika kumi kabla ya kumwaga oili: kwa injini iliyotunzwa haina haja, na kwa injini iliyoachwa miaka mingi ni hatari. Uchafu unabanduka kwa mpigo, unakwenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taa nyekundu inawaka, umekwisha. Injini chafu isafishe taratibu: oili nzuri, ibadilishe baada ya kilomita 1,500, tena 1,500, kisha rudi kwenye 5,000.

Ya kumwaga kwenye tangi la petroli kusafisha injekta: hii naiunga mkono, kama kwenye chupa imeandikwa kuwa ina polyetheramine, au kwa kifupi PEA. Hiyo inaondoa kaboni kweli. Chupa moja kila kilomita 10,000 inatosha. Chupa isiyosema ndani yake mna nini, iache dukani.

Ya kuziba rejeta inayovuja: ya kukufikisha nyumbani kutoka Makunduchi, sawa. Ya kuishi nayo, hapana, kwa kuwa haichagui tundu la kuziba. Nimeshafungua rejeta nikakuta bizari ya manjano. Kisiwa cha viungo, lakini ile ilikuwa imepita kiasi. Nusu ya vinjia vilikuwa vimeziba, na tundu lenyewe lilikuwa bado linavuja.

Pesa za chupa nne ukiziweka pamoja unapata plagi mpya, filta ya hewa na thamostati.

Maji ya kisima yanafaa kwenye rejeta?

Hapana, na kama nyumba yako iko pwani, hapana mara mbili. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji yenye chumvi chumvi. Unayajua mwenyewe: sabuni haitoi povu na chai ina ladha. Maji hayo ndani ya injini yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Chokaa inaganda kwenye kuta za ndani kama ile ya kwenye birika, na chumvi inakula alumini ya silinda hedi na ya rejeta yenyewe.

Nilifungua Raum moja ya Jambiani iliyokuwa ikichemsha kila ikipanda mwendo. Mwenyewe alikuwa mwangalifu sana, anaongeza maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwa kikopo kile kile, kutoka kisima kile kile. Nilipoitoa pampu ya maji, bapa zake zilikuwa zimelika zikawa nyembamba kama magamba ya changu, na nyuma yake kulikuwa na utando mweupe ambao niliukwangua kwa kisu. Silinda hedi ilikuwa imeliwa pembeni mwa tundu la maji hadi gasketi haina pa kukaa. Miaka minne ya uangalifu.

Weka kulanti halisi, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Wengi wanadhani kulanti ni ya nchi za baridi. Ina dawa ya kuzuia kutu ndani, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukikosa kabisa na uko njiani, maji ya chupa ya kunywa ni afadhali kuliko ya kisima. Badilisha yote kila miaka miwili.

Na tafadhali, fundi akikuambia atoe thamostati "ili injini ipoe", mwambie aiache. Injini isiyofikia joto lake inakula petroli, inachafua oili, na nyingine zinachemsha zaidi kwa sababu maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Giaboksi ya otomatiki haijabadilishwa mafuta tangu ije. Niiguse?

Iguse kwa adabu. Mwaga yanayomwagika, pima umemwaga lita ngapi, rudisha kiasi hicho hicho. Rudia baada ya mwezi, na mwezi mwingine. Usikubali ya kusukumwa yote kwa mashine. La muhimu zaidi ni aina: Vitz nyingi za karibuni zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, na ile haidroliki nyekundu ya kawaida inaiua. Soma kijiti au kitabu, usimwachie kijana wa duka akuchagulie kwa rangi.

Mkanda wa taimingi?

Kama injini yako ina cheni (1NZ na 1ZZ zinayo), cheni inaishi kwa oili safi. Kama ina mkanda, kama Noah ya zamani ya 3S au HiAce ya dizeli ya 3L na 5L, badilisha kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kuwa haujabadilishwa. Kwenye zile za dizeli ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Kutu inaanzia wapi hasa, na kwa nini hapa inakwenda mbio hivi?

Chuma, maji na hewa vikikutana kutu inaanza. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Tena chumvi inavuta unyevu: hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, punje ya chumvi inalowa yenyewe bila tone la mvua. Usiku wetu mwingi uko juu ya hapo. Kwa hiyo gari ya Paje iliyosimama tu uani, upepo wa kusi unaipuliza kutoka baharini, inalika ikiwa imelala.

Inaanzia usipopaona. Chini ya milango, ambako kuna vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na vumbi jeupe la mawe. Ndani ya madigadi. Shimo la tairi la akiba. Mabomba ya breki yanayopita chini. Chini ya waipa, ambako majani ya mwembe yanajaa, maji yanakosa njia, yanashukia kwenye miguu ya abiria. Ukikuta zulia la mbele lina ubichi siku ambayo haikunyesha, linyanyue. Chukua kijiti cha meno au waya, pitisha kwenye vitundu vyote vya chini ya milango kabla ya masika na kabla ya vuli. Hakuna kazi ya bei rahisi kuliko hiyo katika ukurasa huu wote.

Gari zinazobeba mwani ni kesi yake. Gunia la mwani mbichi linachuruzika maji ya bahari sakafuni kwa saa nzima, na zulia linayashika. Samaki kwenye barafu ni vivyo hivyo. Kama ndiyo riziki yako, ng'oa zulia, paka sakafu rangi ya boti, na tandika beseni au turubai lenye kingo. Kila jioni mwaga maji baridi yasiyo na chumvi.

Kuosha chini: huna haja ya mashine. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, uliloliosha vizuri, linafika kila pembe. Ukitoka pwani, siku hiyo hiyo. Maji ya bomba au ya mvua, siyo ya kisima chenye chumvi, maana utakuwa unaisuuza chumvi kwa chumvi. Halafu usiiegeshe palepale. Zunguka dakika kumi breki zikauke.

Babu yangu alikuwa akipaka oili chafu chini ya gari. Inasaidia?

Inasaidia kidogo, na ina gharama. Inazuia maji, hilo kweli. Lakini inavimbisha mpira wa bushi, inanasa vumbi, inadondoka kwenye udongo unamochimba kisima, na ikigusa egzosti ya moto inatoa moshi au zaidi ya moshi. Ukiishika kila siku, si nzuri kwa ngozi.

Wazo la babu lakini lilikuwa sahihi, na ni la zamani kuliko magari. Jahazi lilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini likapakwa shahamu, na likapandishwa pwani kila msimu likaguliwe tena. Hakuna nahodha aliyepaka mara moja akasema nimemaliza miaka kumi. Leo tumia nta ya kupulizia chini ya gari au mafuta ya lanolini, mara moja kwa mwaka, wakati wa kaskazi ambapo chuma kinaweza kukauka kweli. Ndani ya chasisi pulizia kwa mpira mrefu kupitia matundu yake.

Ile lami nyeusi nzito? Juu ya chuma safi, sawa. Juu ya kutu ni kuifunika chungu ichemke: inapasuka, maji yanaingia, hayatoki, na wewe huoni.

Fundi bodi amesema atakwangua kidogo, atie puti, apige rangi. Miezi sita imerudi. Nani mwongo?

Kutu haikwanguliwi kidogo. Inaondolewa hadi chuma king'ae, kwa brashi ya waya na msasa. Palipobaki madoa kwenye vishimo, paka dawa ya asidi ya fosforiki inayogeuza kutu kuwa utando mgumu, iache ikauke, kisha praima, ndipo rangi. Palipotoboka hakuna dawa: pakatwe, pachomelewe bati jipya.

Niligonga chini ya mlango wa Rav4 moja kwa kifundo cha kidole nikasikia "pu" badala ya "ti". Nikachokonoa. Puti ilikuwa unene wa kidole, na nyuma yake gazeti limekunjwa vizuri, bado linasomeka, ukurasa wa michezo. Mwenye gari akasoma matokeo kwanza ndipo akakasirika.

Nasafiri Muscat miezi mitatu. Niifunike turubai?

Turubai linashika unyevu na linasugua rangi upepo ukivuma. Bora chini ya paa, pande wazi. Badilisha oili kabla ya kuondoka, jaza tangi lisipate nafasi ya jasho ndani, ongeza upepo kwenye tairi, toa waya wa hasi wa betri, usivute hendibreki, weka jiwe kwenye tairi. Mpe ndugu ufunguo aiendeshe nusu saa kila wiki mbili, aendeshe kweli, asiwashe tu na kuzima. Na isiwe chini ya mnazi. Sababu sina haja ya kuieleza.

Taa zinafifia, alteneta mpya, betri mpya, bado.

Ethi. Fungua waya unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, sugua hadi ung'ae, funga, paka grisi. Chumvi inakula waya ndani ya ngozi yake, kwa nje unaonekana mzima. Ukiwa kijani ndani, kata, weka mpya.

Niko Wete. Spea nyingine nasubiri meli. Niweke nini akiba?

Mkanda wa feni, hozi ya juu ya rejeta, thamostati, filta mbili za oili, plagi, fyuzi, na chupa ya mafuta ya breki isiyofunguliwa. Hiyo ya mwisho ifunguliwe siku ya kutumika, kwa kuwa inavuta unyevu wa hewa, na mafuta yenye maji yanachemka ukishuka mlima umeshikilia breki. Pemba ina milima, si kama sisi. Badilisha yaliyomo kwenye mfumo kila miaka miwili.

Lini niseme basi?

Nunua bisibisi bapa. Inua gari kwa jeki, weka stendi, usiingie chini ya jeki peke yake hata kwa dakika. Bonyeza ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya mkono tu, pahala shokapu inaposhika bodi, pahala mikono ya magurudumu inapofungwa, kwenye chasisi juu ya ekseli ya nyuma, na pahala mikanda ya viti inapofungwa. Ikizama mlangoni, tunachomelea. Ikizama kwenye sakafu, tunachomelea. Ikizama pale shokapu inaposhika, pande zote mbili, nitakuomba unipe ufunguo, na injini nitainunua mimi.